Dawa ya pumu iliyofungiwa katika kabati la wodi ya uzazi

Katika hospitali nyingi za ufuo huu wa Ziwa Victoria, kuanzia Usenge hadi Muhuru Bay, kuna kichupa kidogo cha dawa ambacho kila mkunga anakijua vyema, lakini ambacho wenzake wa chumba cha dharura, hatua chache tu kutoka hapo, hawakikumbuki wanapopokea mgonjwa wa pumu aliyezidiwa. Dawa yenyewe ni salfeti ya magnesiamu. Wodi ya uzazi huitumia kuzuia na kutuliza kifafa cha mimba. Maoni yangu ni kwamba dawa hiyo yapasa pia kuwekwa katika trei ya dharura ya kila hospitali ya kaunti ndogo hapa Nyanza, kwa ajili ya wagonjwa wa pumu ambao dawa za kawaida zimeshindwa kuwapa nafuu.

Nasema hivi nikijua kwamba baadhi ya madaktari wenzangu hawatakubaliana nami, na sababu zao si za kupuuzwa. Nitazieleza baadaye. Kwanza msomaji afahamu jinsi pumu inavyomkaba mtu.

Mirija inayopeleka hewa mapafuni imezungukwa na misuli laini ambayo hatuiamrishi kwa hiari yetu. Mwenye pumu anapokutana na kitu kinachomchokoza, misuli hiyo hujikaza, kuta za mirija huvimba, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, ndiyo maana kifua hutoa mlio kama wa mluzi. Vichokozi hapa kwetu havikosekani. Wanawake wa mtaa wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi wa mbuta hupitisha siku nzima wakiinamia moshi. Upande wa Kibos, Chemelil na Muhoroni mashamba ya miwa huchomwa kabla ya kuvunwa na majivu hupeperuka hadi uani mwa watu. Kisha kuna vumbi, baridi ya alfajiri na mafua ya msimu wa mvua. Wagonjwa huniuliza pia juu ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama wingu la moshi. Kule Sudan, kandokando ya Mto Nile, wataalamu walithibitisha katika miaka ya 1980 kwamba vijidudu wa jamii hiyo huwaletea watu pumu, kwa hivyo swali lenyewe si la kipuuzi.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha chini-kati kama yetu. Pumu ni ugonjwa ambao kwa kawaida haustahili kuua, na hiyo ndiyo sababu inayonifanya niandike.

Mambo ya kwanza yawe ya kwanza

Ni lazima niseme wazi kabla ya kuisifu magnesiamu kwamba dawa hii haitangulii. Mgonjwa aliyebanwa akifika, apewe oksijeni ikiwa kipimo cha kidoleni kinaonyesha imepungua mwilini. Apewe salbutamoli ya kuvuta, si ya kumeza, na arudiwe kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Pamoja nayo apewe prednisoloni ya vidonge au haidrokotisoni ya sindano, na mapema, kwa kuwa dawa za jamii hii huchukua saa kadhaa kabla hazijapunguza uvimbe wa mirija. Akiwa hali mbaya aongezewe ipratropiamu.

Wengi hudhani kwamba salbutamoli haifanyi kazi bila mashine ya mvuke, ile inayoitwa nebulaiza, na kwamba stima zikipotea basi matibabu nayo yamekoma. Hilo si kweli. Inhela ya kawaida ikitumiwa na kopo la kupitishia dawa hufanya kazi vizuri katika mashambulizi mengi. Kopo lenyewe si lazima linunuliwe. Mwaka wa 1999 madaktari wa Cape Town walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa watoto wenye pumu, na ikaonekana kwamba chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili kushika inhela, ilikuwa na manufaa sawasawa na kopo la kiwandani. Chupa za namna hiyo zimejaa kila mahali Kisumu, hata mitaroni.

Ikiwa zahanati haina inhela, haina chupa na haina oksijeni, basi sitaki iniambie habari za magnesiamu. Afadhali ianze na hayo.

Lakini kila mtu aliyefanya kazi ya usiku katika chumba cha dharura anamjua yule mgonjwa ambaye amepewa yote hayo kwa saa nzima na bado amekaa wima ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi moja. Huyo ndiye ninayemzungumzia.

Chumvi ya haluli

Salfeti ya magnesiamu si kitu kigeni. Ndiyo ile ile chumvi ya haluli ambayo wazee wetu walipewa kuoshea tumbo, na ambayo Waingereza huiita kwa jina la mji wao wa Epsom. Ikisafishwa na kutengenezwa kuwa maji ya sindano, hupelekwa moja kwa moja katika mshipa wa damu. Misuli laini huhitaji kalsiamu iingie ndani ya chembe zake ndipo iweze kujikaza. Magnesiamu huizuia kalsiamu hiyo mlangoni, na misuli ikalegea. Njia yake ni tofauti na ile ya salbutamoli, na kwa sababu hiyo yaweza kusaidia pale salbutamoli ilipofika kikomo.

Wala wazo hilo si la jana. Rosello na Pla waliandika juu ya kutumia magnesiamu kwa shambulio la pumu katika jarida la madaktari la Argentina mwaka wa 1936. Jambo hilo likasahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1989 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Skobeloff waliwachunguza wagonjwa 38 ambao tiba ya kawaida haikuwafaa. Nusu walipewa magnesiamu, nusu wakapewa maji matupu bila ya wao kujua. Kati ya 19 waliopewa dawa, 7 walilazwa hospitalini. Kati ya 19 waliopewa maji, 15 walilazwa.

Wagonjwa 38 ni wachache mno kwa mtu kujengea imani. Tangu hapo uchunguzi mwingine mwingi umefanywa, na mwaka wa 2014 wataalamu wa Cochrane walikusanya chunguzi 14 za watu wazima zenye wagonjwa 2,313. Hesabu yao ilionyesha kwamba kwa kila wagonjwa 100 wanaochomwa dawa hii, 7 huepuka kulazwa. Kwa watoto chunguzi ni chache na ndogo, ila zinaelekea upande huo huo, na kijitabu cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka wa 2013 kuhusu matibabu ya watoto hospitalini kinaitaja magnesiamu kwa mtoto mwenye pumu kali ambaye tayari amepewa dawa nyingine. Kamati ya kimataifa ya pumu, GINA, haisemi kila mgonjwa apewe. Inasema ifikiriwe kwa yule ambaye oksijeni yake imebaki chini baada ya matibabu ya mwanzo: gramu 2 kwa mtu mzima, mara moja, zikiingia polepole kwa dakika 20.

Sasa nije kwa wanaopinga. Hoja yao kubwa ni ule uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka wa 2013, uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 1,000 kutoka vyumba vya dharura vya hospitali 34. Huo ulikuwa mkubwa kupita wote na ulifanywa kwa uangalifu. Matokeo yake? Magnesiamu ya kuvuta kwa mashine haikufaa kitu. Ile ya mshipani ilielekea kupunguza idadi ya waliolazwa, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuwezekana kusema si bahati tu. Mwenzangu mmoja hapa Kisumu hunirushia karatasi hiyo kila tukizungumza, naye ana haki.

Mimi nami humjibu kwa mambo mawili. La kwanza, wagonjwa waliokuwa karibu kukata roho hawakuingizwa katika uchunguzi ule, na hao ndio ambao sote tungetaka kujua habari zao. La pili ni jiografia. Mgonjwa wa mjini London asipopata nafuu, kitanda cha wagonjwa mahututi kiko ghorofa ya juu na mashine ya kupumulia iko tayari. Mgonjwa wa kisiwa cha Mfangano asipopata nafuu, inabidi atiwe mashuani hadi Mbita, kisha apande gari la kupitia Homa Bay kwenda Kisumu, safari ya saa kadhaa, nyingine usiku, nyingine mvuani. Akifika ile hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, bado atategemea kama kuna kitanda. Manufaa ambayo Mwingereza anayaona madogo hayapimwi kwa mizani hiyo hiyo hapa. Watu 7 kati ya 100 wasiohitaji kulazwa ni safari 7 za mashua zisizofanywa.

Hata hivyo nisizidishe chumvi, maana mada yenyewe ni chumvi. Hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba magnesiamu hupunguza vifo vya pumu. Vifo hospitalini ni vichache katika nchi zilizofanya chunguzi hizo, hivyo isingekuwa rahisi kuona tofauti. Anayeiita dawa ya miujiza anawapotosha watu.

Hofu isiyo na mizani

Kinachonishangaza ni hofu. Ofisa wa kliniki ambaye hasiti kuagiza aminofilini mshipani huogopa magnesiamu kana kwamba ni sumu. Tuzilinganishe basi. Wataalamu wale wale wa Cochrane waliitazama aminofilini mwaka wa 2012, wakaona kwamba ikiongezwa juu ya salbutamoli kwa mtu mzima haifungui mirija zaidi. Iliongeza madhara tu: kwa kila wagonjwa 100, 20 zaidi walitapika na 15 zaidi walipatwa na mapigo ya moyo ya kwenda mbio au yasiyo sawa. Tumeizoea kwa sababu tuliikuta vitabuni na kabatini tulipoanza kazi. Mazoea yana taabu.

Magnesiamu nayo ina madhara. Mgonjwa huhisi joto mwilini na usoni, pengine kichefuchefu, na shinikizo la damu laweza kushuka ikiwa dawa imesukumwa haraka. Ikizidi sana damuni hulegeza misuli yote, pamoja na ile ya kupumulia, na dalili ya mapema ni kupotea kwa mrukio wa goti unapogongwa. Kwa vile hutoka mwilini kwa njia ya figo, mwenye ugonjwa wa figo ni wa kuchungwa mno. Dawa ya kuitangua ni kalsiamu glukoneti, nayo lazima ikae trei moja na magnesiamu, si chumba kingine.

Lakini hebu tutazame vipimo. Mama mwenye kifafa cha mimba, kwa utaratibu unaotumika katika hospitali zetu nyingi, huanzishiwa gramu 4 mshipani na gramu 10 makalioni, jumla gramu 14, kisha huendelea kupewa gramu 5 kila baada ya saa 4 hadi siku nzima ipite. Mkunga wa Bondo au wa Suba hufanya hivyo bila daktari kusimama kando yake, akihesabu pumzi, akigonga goti na kupima mkojo. Mgonjwa wa pumu anahitaji gramu 2 tu, mara moja. Ujuzi wa kuichunga dawa hii basi haukosekani. Uko hospitalini tayari, umevaa sare, uko zamu ya usiku. Umetengwa tu na ukuta.

Na ukuta huo una historia yake. Hapo awali kifafa cha mimba kilitibiwa kwa dawa mbalimbali, kila hospitali kwa desturi yake. Mwaka wa 1995 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa akina mama wapatao 1,700 katika nchi kadhaa, zikiwamo jirani zetu Uganda, na Ghana, Zimbabwe na India. Magnesiamu iliishinda diazepamu na ikaishinda fenitoini waziwazi. Ukafuata ule wa 2002 wa akina mama zaidi ya 10,000, ulioonyesha kwamba dawa hii hupunguza kwa nusu hatari ya kupatwa na kifafa kwa mjamzito ambaye shinikizo lake limepanda. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa akina mama wa Afrika. Ila katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani magnesiamu imeandikwa kuwa ni ya kifafa cha mimba na hali inayokitangulia, wala haimo katika fungu la dawa za pumu. Anayeagiza dawa hufuata orodha, anayepokea huipeleka ilikoagiziwa, na anayeshika ufunguo huulinda.

Niliwahi kufanya zamu katika hospitali moja ya ufuo huu, ambayo sitaitaja. Saa tisa usiku tulihitaji magnesiamu kwa kijana wa pumu, mvuvi wa omena, aliyekuwa amekwisha kupewa kila tulichokuwa nacho. Muuguzi wa zamu ya wodi ya uzazi alitutazama kwa mashaka, akauliza, “Daktari, mgonjwa wako ana mimba?” Tulicheka baadaye, si wakati ule. Alitupa, akatuandikisha sahihi katika daftari, akaja mwenyewe kusimama nasi akigonga goti la kijana kwa ukingo wa kiganja. Kijana alipata nafuu kabla ya kucha, ingawa siwezi kuapa kwamba ni magnesiamu peke yake iliyomsaidia, kwani haidrokotisoni nayo ilikuwa imeanza kazi.

Yule muuguzi hakuwa na kosa hata kidogo. Anajua vyema nini hutokea siku mama anapoingia akitupa mikono na miguu kisha kabati likawa tupu. Kwa hivyo sipendekezi hata kidogo kwamba chumba cha dharura kiwe kikinyemelea akiba ya wodi ya uzazi. Mama asikose dawa yake kwa sababu ya mgonjwa wangu wa pumu. Chumba cha dharura kiagiziwe vichupa vyake chenyewe, vihesabiwe kivyake na kujazwa kivyake. Tangu mwaka wa 2013 hospitali hizi zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na maagizo ya dawa kwa KEMSA hutoka huko huko. Hakuna haja ya kungoja Nairobi iamue. Kichupa kimoja bei yake haifiki nauli ya kutoka Mbita hadi Kisumu.

Pamoja na vichupa hivyo, pabandikwe ukutani karatasi moja yenye hatua zote kwa utaratibu wake, magnesiamu ikiwa karibu na mwisho, na ikiandikwa kwa herufi kubwa kwamba ile ya asilimia 50 haisukumwi mshipani bila kuchanganywa na maji ya dripu. Wakunga waombwe kuwafunza wenzao. Wangefanya kazi hiyo vizuri kuliko semina yoyote ya hotelini.

Wewe msomaji mwenye pumu, au mwenye mtoto wa pumu, hii si dawa ya kuulizia dukani. Lako ni kutambua wakati wa kuondoka nyumbani. Ukiona mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, inhela haimpi nafuu au nafuu yake haidumu, midomo inageuka rangi, au anasinzia na kuchanganyikiwa, usingoje alfajiri. Na jihadhari na jambo moja ambalo huwadanganya wengi: kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikinyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, hapo hajapona. Ni kwamba hewa imekuwa haba kiasi cha kutotoa mlio. Mpe inhela kwa chupa, puliza moja baada ya nyingine njia nzima, akae wima, mwende.

Aidha, anayebanwa mara kwa mara asiridhike na ile inhela ya kutuliza tu. Aulize juu ya inhela yenye steroidi, inayotumiwa hata siku za uzima. Anayeitumia sawasawa ana nafasi kubwa ya kutofika chumba cha dharura kabisa, na hapo mjadala huu wangu wa magnesiamu hautamhusu.

Msomaji mmoja wa Ahero alikwisha kuniuliza kama mumewe anaweza kukoroga chumvi ya haluli ndani ya maji na kunywa anapobanwa, maadamu ni dawa ile ile. Hapana, mama. Ikinywewa, ni kidogo tu inayoingia damuni. Iliyobaki huvuta maji tumboni na kumharisha. Mumeo atakuwa na matatizo mawili usiku mmoja.